Zipu Haikuwa Mradi Mzima: Kisa cha Programu ya Asali Iliyogoma Kujengwa

Badiliko lililoombwa lilikuwa dogo. Chama kimoja cha wafugaji nyuki mkoani Tabora kilitaka risiti ya kupokelea asali ionyeshe uzito wote, uzito wa ndoo tupu na uzito wa asali yenyewe, kila kimoja kwenye mstari wake. Risiti ya zamani ilitoa namba moja tu, ile ya mwisho, na wanachama walishaanza kunung'unika. Mrinaji anayeleta ndoo ya lita 20 anaiona mizani ikisoma kilo 29 na ushei, maana asali ni nzito kuliko maji, lita moja huwa karibu kilo 1.4. Kisha anapokea karatasi iliyoandikwa 28. Kilo moja imeliwa na nani? Karani anaeleza kwamba ni ya ndoo, lakini kwenye foleni ya jua kali maelezo ya mdomo hayamtoshi mtu aliyepanda miti usiku kurina.

Programu yenyewe iliandikwa mwaka 2019 kwa lugha ya Java, ya Android, na iko kwenye vishikwambi vya makarani wanaopokea asali vijijini, upande wa Sikonge na Uyui. Karani anaingiza namba ya mwanachama na uzito, anabonyeza, printa ndogo ya bluetooth inatoa risiti. Rekodi hukaa ndani ya kishikwambi mpaka karani afike penye mtandao, ndipo zinapanda kwenye seva ya chama. Hilo la rekodi kukaa kwenye kishikwambi lishikwe vizuri, maana ndilo lililofanya kazi hii isiwe ya mchezo.

Kubadili risiti kwenyewe ni kugusa mistari michache ya msimbo. Kilichokataa ni kuijenga programu upya mpaka itoke APK, yaani faili la kusakinishia programu kwenye Android.

Hali tuliyoikuta

Aliyeiandika yuko Kigoma siku hizi, anafanya shughuli isiyohusiana na kompyuta. Alipoondoka aliacha zipu ya mradi kwenye barua pepe ya chama. Kijana anayeshughulikia mambo ya kompyuta chamani aliifungua zipu hiyo kwenye laptopu mpya yenye Android Studio mpya, programu ya kuandikia programu za Android, na Studio ikamkaribisha kwa pendekezo la kupandisha matoleo. Akakubali. Nani asingekubali? Kitufe kiko hapo, kinang'aa.

Kuanzia hapo kila kosa lilizaa jingine. Gradle ya mradi, chombo kinachojenga programu kutoka kwenye msimbo, ilikuwa 5.4.1, na Java iliyokuja na Studio ilikuwa 21, haviivi chungu kimoja. Akapandisha Gradle hadi ya 8. Gradle mpya ikalikataa neno `compile` kwenye orodha ya vitegemezi (maktaba, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu inautumia), kwa sababu liliondolewa tangu Gradle 7.0 na mahali pake pakakaa `implementation`. Akarekebisha. Ikabidi plagini ya Android, kiongezo kinachoiwezesha Gradle kujenga programu za Android, nayo ipande, na plagini ya 8 ikadai `namespace` iandikwe kwenye build.gradle, haitaki tena kulisoma jina la kifurushi kutoka AndroidManifest. Akarekebisha. Kwa kuwa alishapandisha pia kiwango cha Android kinacholengwa, ikaja zamu ya `android:exported`, ambayo ni lazima tangu Android 12. Akarekebisha na hiyo. Mwisho kabisa akagonga mwamba: maktaba ya kuchapisha kwa printa ya bluetooth haipatikani popote. Akaizima kwa alama za maoni, na nusu ya mafaili ya programu yakawaka nyekundu.

Aliponiita alikuwa amefika kwenye ushauri ambao kila mtu mwenye bildi (ujenzi wa programu) iliyokwama hupewa: futa kache, yaani nakala za vitu vilivyoshushwa zinazotunzwa kwenye kompyuta. "Kaka, nimefuta kila kitu, nimefuta mpaka folda ya .gradle, nikaanza moja. Bando limeisha na kosa ni lile lile."

Ushauri huo wa kufuta kache nina ugomvi nao wa siku nyingi. Una mahali pake, faili likishuka nusu au likiharibika. Lakini watu wanautoa kama salamu. Kwa mtu aliyeko Tabora anayenunua data kwa kipimo, kufuta kache ni kukubali kununua upya mamia ya megabaiti aliyoyalipia jana. Na kwa mradi wa zamani, kama itakavyoonekana, kache inaweza kuwa ndiyo nakala pekee iliyobaki ya kitu unachokitafuta. Bahati ya kijana ni kwamba kache aliyoifuta ilikuwa ya laptopu mpya, haikuwa na kitu cha maana.

Makosa yote aliyoyarekebisha yalikuwa ya kweli na marekebisho yake yalikuwa sahihi. Shida ni kwamba alikuwa akifanya kazi mbili kwa pamoja bila kujua: kufufua mradi wa 2019, na kuuhamisha kuja leo. Ukichanganya hizo mbili, kosa likitokea huwezi kujua ni la upande gani. Ile maktaba ya printa ilikuwa imepotea hata kabla hajagusa chochote, ila yeye alikutana nayo baada ya marekebisho chungu nzima, akadhani ni yeye aliyeivunja.

Kurudi mwaka 2019

Tuliiacha kazi yake pembeni, tukarudi kwenye zipu ya barua pepe ambayo haijaguswa. Tukaifungua kwenye folda mpya, `git init` ili git itunze historia ya mabadiliko, tukahifadhi hali ile kabla ya kitu kingine chochote. Shabaha ikawa moja: programu ijengwe kama ilivyokuwa ikijengwa siku ya mwisho ilipofanya kazi, bila badiliko hata la herufi. Risiti ya ndoo ingesubiri.

Matoleo ya siku hizo yameandikwa ndani ya mradi wenyewe, hayahitaji kukisiwa. Faili la gradle-wrapper.properties linataja Gradle 5.4.1. Faili la build.gradle la juu linataja plagini ya Android 3.5.0. Ndani ya folda ya app kuna compileSdkVersion 28. Vitu hivyo vitatu vinakwenda pamoja, na vinakuambia cha nne ambacho hakijaandikwa popote: Java. Gradle 5.4.1 inakubali Java 8 hadi 12, basi.

Hapa pana mtego unaowakamata wengi. Ukiiendesha Gradle ya zamani hiyo kwa Java mpya kupitia terminali, haisemi "Java yako ni mpya mno." Inasema haikuweza kuanzisha klasi iitwayo `org.codehaus.groovy.runtime.InvokerHelper`. Mtu anaanza kutafuta Groovy ni nini, kama inasakinishwa wapi, na saa zinakwenda. Kumbe Groovy ni lugha ambayo mafaili ya build.gradle yameandikwa nayo, Gradle inaibeba yenyewe, na Groovy ya umri huo haiielewi Java ya 14 na kuendelea. Ukiona jina hilo la InvokerHelper kwenye mradi wa zamani, angalia Java kwanza.

Tukashusha JDK 8, yaani kifurushi cha Java ya 8, tukaiweka kando ya ile mpya bila kuondoa chochote, kisha tukaelekeza `JAVA_HOME` kwake ndani ya dirisha lile moja la terminali. Studio tukaifunga kabisa. Studio ni nzuri kwa kuandika, lakini kwenye kutafuta chanzo cha bildi mbovu inaleta Java yake, mipangilio yake na mapendekezo yake, na kila kimoja ni kitu cha ziada cha kushuku. `gradlew assembleDebug` kwenye terminali inatosha. Faili la local.properties lilikuwa bado linaelekeza kwenye SDK (vifaa vya kujengea programu za Android) ya kompyuta ya zamani. Tukaandika njia mpya, likapita.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, tukaliona kosa halisi likiwa peke yake: Gradle haikupata toleo lolote la maktaba ya printa linalolingana na `2.+`, kwa kuwa hakuna matoleo yoyote ya maktaba hiyo.

Maktaba iliyotoweka

Mradi ulitaja maghala mawili ya kuchukulia maktaba, `google()` na `jcenter()`. Kwa miaka mingi JCenter ndiyo iliyokuwa ikiwekwa na Android Studio kwenye kila mradi mpya, kwa hiyo programu za Android za kabla ya 2021 karibu zote zinaitaja. Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kwamba inaifunga. Kwanza ikaacha kupokea vitu vipya, ikabaki ya kusomwa tu, na Agosti 2024 maombi yote yanayokwenda JCenter yakaanza kuelekezwa Maven Central, ghala jingine la maktaba. Kampuni haina la kulaumiwa, taarifa ilitolewa mapema. Waandishi wengi wa maktaba walihamia Maven Central, ndiyo maana miradi mingi ya zamani bado inajengwa bila mwenyewe kujua kwamba ghala lilishafungwa. Anayeumia ni yule aliyetegemea maktaba ya mtu mmoja ambaye hakuhama.

Tulithibitisha kwa kuangalia wenyewe badala ya kuendelea kubahatisha: Maven Central haina kundi la jina hilo, ghala la Google halina, na ukurasa uliokuwa na msimbo wake haupo tena. Hakuna namba ya toleo utakayoibadilisha itakayoleta kitu ambacho hakipo.

Tukampigia aliyeiandika, Kigoma. "Mbona kwangu ilikuwa inajenga tu!" Nilimwamini. Nikamuuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Aliiuza kabla ya kuhama, kwa mama mwenye steshenari karibu na stesheni ya reli.

Tulikwenda mchana, foleni ikiwa ya wanafunzi wanaotoa kopi za vyeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kuchapa au kutoa kopi?"

Kijana akaeleza shida yake kwa adabu, kwamba kuna folda kwenye kompyuta hii, ya mwenye nayo wa zamani, tungeomba tuinakili. Mama akacheka. "Hiyo inayokula GB? Fundi kaniambia ni takataka, kesho kutwa anakuja kupiga windo upya. Chukueni, mradi msinizuie wateja." Tukachomeka flashi, tukanakili folda mbili zilizofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, `.gradle` na `.android`, zima zima. Kijana alitaka kuchukua maktaba ya printa tu ili tuondoke haraka. Nilikataa. Hatukuwa tunajua bado kompyuta ile ilikuwa inachangia nini kwenye bildi, na baada ya windo kupigwa upya hakungekuwa na nafasi ya kurudi. Mstari wa kunakili ulitambaa, wanafunzi wakiendelea kuchapa barua zao kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Ndani ya `.gradle`, vitu vilivyoshushwa vinakaa `caches/modules-2/files-2.1`. Humo kila kundi lina folda yake, ndani yake maktaba, ndani yake toleo, na ndani ya toleo kuna folda zenye majina marefu ya herufi na namba. Majina hayo ni alama ya SHA-1 ya faili lililomo, inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani yake. Folda moja ina faili la `.aar`, yaani maktaba yenyewe, na nyingine ina `.pom`, linaloorodhesha maktaba hiyo nayo inategemea nini. Kwa hiyo kache inakuja na ushahidi wake mkononi: tuliendesha `certutil -hashfile` ya Windows juu ya kila faili na kulinganisha na jina la folda. Yakalingana. Flashi haikuwa imekata kitu njiani.

Ila matoleo yalikuwa mawili, 2.1.3 na 2.2.0. Ndiyo gharama ya kuandika `2.+`. Alama hiyo ya kujumlisha inamaanisha "nipe la juu kabisa lililopo leo," na Gradle huuliza upya kila baada ya saa 24. Mradi mmoja, msimbo ule ule, unaweza kutoka na maktaba tofauti Jumatatu na Jumatano. Ni lipi lililokuwa ndani ya vishikwambi vinavyofanya kazi?

Kijana alisema tuchukue jipya. Jibu lilikuwa kwenye kishikwambi chenyewe. Tukaitoa APK iliyosakinishwa kwa `adb pull`, amri ya kunakili faili kutoka kwenye kishikwambi kwa waya, tukaifungua kwa kichambuzi cha APK cha Android Studio, tukaenda kwenye kifurushi cha maktaba ya printa na kuangalia klasi ya BuildConfig. Maktaba za Android za miaka hiyo zilikuwa zikibeba toleo lao humo. Liliandikwa 2.1.3. Lile la 2.2.0 lilishuka baadaye, labda kwa mradi mwingine, na halikuwahi kukutana na printa za chama hiki. Tukashika 2.1.3 na kuifuta alama ya kujumlisha.

Wengine hapa wangenakili folda ya kache nzima kwenye laptopu mpya na kuendesha `--offline`. Kwa Gradle 5.4.1 haiendi, isipokuwa njia ya folda iwe ile ile hadi jina la mtumiaji, kwa sababu kabla ya Gradle 6.1 kache ilikuwa ikihifadhi njia kamili za mafaili. Tulichofanya ni kujenga ghala dogo ndani ya mradi: folda ya `maktaba`, ndani yake kundi, jina na toleo kwa mpangilio wa Maven, `.aar` na `.pom` zikiwa pamoja bila folda za SHA-1. Kuna njia fupi ya kuitupa `.aar` kwenye `libs` na kuitaja moja kwa moja, lakini ukifanya hivyo `.pom` haisomwi, na vitegemezi vya maktaba hiyo itabidi uviorodheshe kwa mkono kimoja kimoja.

Kwenye build.gradle tukalitaja ghala hilo la kwanza, likifungwa kwa `includeGroup` ili lihudumie kundi hilo moja tu, na maghala ya nje tukayakataza kundi hilo kwa `excludeGroup`. Hatua hii ya pili watu huiruka. Jina lililoachwa wazi kwenye mtandao linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na programu inayoshika pesa za wakulima haina sababu ya kwenda kuliulizia nje.

Mstari mmoja uliobaki kwa mwenyewe

Tukajenga tena. Maktaba ikapatikana, na kosa likabadilika sura: klasi zimejirudia, `android.support.v4.app.INotificationSideChannel` ipo kwenye androidx.core na ipo pia kwenye support-compat 28.0.0.

Hili ukijua historia yake linasomeka mara moja. Mwaka 2018 Google ilianza kuzihamisha maktaba za usaidizi za Android kutoka majina ya `android.support` kwenda `androidx`. Programu ya chama ilishahamia, maktaba ya printa haikuhamia, na zote mbili haziwezi kukaa ndani ya APK moja bila kugongana. Dawa yake ni Jetifier, chombo kinachoandika upya majina ndani ya maktaba za zamani wakati wa kujenga. Huwashwa kwa mstari mmoja, `android.enableJetifier=true`, ndani ya gradle.properties. Tukalifungua faili hilo la mradi. Mstari haumo, na zipu ni ile ile ya asili.

Sasa programu hii ilijengwaje 2019?

Tukarudi kwenye flashi. Ndani ya `.gradle` ya kompyuta ya steshenari, nje ya folda ya kache, kulikuwa na gradle.properties nyingine, na ndani yake mistari miwili: mmoja wa kuiongezea Gradle kumbukumbu, wa pili ule wa Jetifier. Gradle husoma faili hilo la mtumiaji kwa kila mradi uliomo kwenye kompyuta, tena likigongana na la mradi, la mtumiaji ndilo linaloshinda. Aliyeiandika programu, tulipompigia tena, alikumbuka kwa mbali: aliuweka mstari ule huko siku aliyokuwa akihangaika na mradi mwingine kabisa, ukamtatulia, akausahau. Tangu siku hiyo miradi yake yote ilikuwa ikiuegemea bila kuutaja.

Tukauhamishia kwenye mradi, tukajenga, APK ikatoka. Kama tungechukua maktaba ya printa peke yake pale steshenari, tungepata kosa hili bila faili linalolieleza. Lingetatulika, ndiyo, lakini kwa kukisia, na kwa kukisia hujui kama umerudisha kilichokuwepo au umebuni kipya.

APK kutoka si APK kuingia

Kijana alitaka kuirusha papo hapo kwenye kundi la WhatsApp la makarani. Nikamwomba aangalie sahihi kwanza.

Kila APK hutiwa sahihi kwa ufunguo, na Android haikubali toleo jipya lisimame juu ya la zamani kama sahihi ni tofauti. Programu hii haikuwahi kupewa ufunguo rasmi. Tangu mwanzo chama kilikuwa kikitumia APK za `debug`, yaani za majaribio, ambazo hutiwa sahihi kwa debug.keystore, na faili hilo kila kompyuta hujitengenezea la kwake. Nenosiri lake ni `android` kila mahali duniani, lakini ufunguo uliomo ni tofauti. APK iliyojengwa kwenye laptopu mpya ilikuwa na sahihi ya laptopu mpya.

Karani wa Sikonge angeipokea, angebonyeza, angeambiwa programu haikusakinishwa. Angejaribu tena. Halafu angefanya anachofanya kila mtu: angeiondoa ya zamani na kuweka mpya. Ingeingia vizuri kabisa, ikiwa tupu, na rekodi zote ambazo hazijapanda kwenye seva zingekwenda na ile iliyoondolewa.

Mhasibu wa chama, mama mtu mzima aliyekuwa akitusikiliza huku akihesabu stakabadhi, aliweka kalamu chini. "Ngoja wanangu. Mzigo wa wiki nzima ungepotea, na watu nimeshawakopesha juu ya risiti hizo?" Ungepotea.

Tukachukua debug.keystore kutoka folda ya `.android` ya steshenari, tukaiweka ndani ya mradi na kuitaja kwenye `signingConfigs`, ili isitegemee tena kompyuta ya mtu. Kisha tukalinganisha: `apksigner verify --print-certs` kwa APK iliyotoka kwenye kishikwambi, `keytool -list -v` kwa ufunguo. SHA-256 ya huku na ya huku ikawa moja. Vyeti hivyo vya `debug` siku hizi huishi miaka 30, kwa hiyo muda haukuwa tishio.

Hata hivyo hatukusakinisha kabla ya kuhifadhi rekodi, na hapa ule uzembe wa kutumia APK za `debug` ukatusaidia. Programu ya aina hiyo humruhusu mtu mwenye waya kuingia kwenye folda yake ya ndani kwa `run-as`, jambo lisilowezekana kwa APK rasmi. Tukaitoa hifadhidata kwa `adb exec-out run-as`. Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, fanya kwenye dirisha la cmd. PowerShell ya kawaida ya Windows inaliharibu faili la aina hii linapopita kwenye alama ya `>`. La pili, usichukue faili la `.db` peke yake. SQLite, mfumo wa hifadhidata hiyo, kwenye Android ya karibuni huandika rekodi mpya kwanza kwenye faili la pembeni lenye mwisho `-wal`, na ukiliacha hilo unaweza kukuta ndoo za leo asubuhi hazimo kwenye nakala yako. Tulichukua yote, tukafungua nakala kwenye laptopu, na mama mhasibu akalinganisha jumla na daftari la karani mwenyewe.

Baada ya hapo tu ndipo tukagusa msimbo wa risiti. Tukapandisha `versionCode`, namba ya toleo la programu, kwa moja, tukajenga, tukasakinisha juu ya ya zamani kwenye kishikwambi kimoja. Rekodi zilikuwepo. Printa ikatoa karatasi: 29.1, 1.1, 28.0.

Kilichobaki

Kijana aliuliza kama sasa tuendelee na kupandisha matoleo, maana plagini ya 3.5.0 ni ya zamani kweli. Nilimshauri si katikati ya msimu. Programu haiko kwenye duka la Google, kwa hiyo masharti ya duka kuhusu kiwango cha Android hayaigusi leo. Kazi ya kuipandisha iko kwenye tawi lake la git, na inakwenda ngazi kwa ngazi: plagini 4.2 na Gradle 6.7.1, kisha 7.0 inayotaka Java 11, kisha 8.0 inayotaka Java 17, na kila ngazi lazima itoe risiti kwenye printa halisi kabla ya kupanda inayofuata. Marekebisho aliyoyafanya mwanzoni, ya `implementation`, `namespace` na mengineyo, hayakutupwa. Kila moja litaingia kwenye ngazi yake. Mstari wa `jcenter()` umeshaondolewa na `mavenCentral()` imekaa mahali pake. Maktaba ya printa ndiyo itakayosumbua siku za usoni, kwa kuwa hakuna wa kuirekebisha, na itabidi sehemu hiyo iandikwe upya ndani ya programu yenyewe.

Ufunguo wa `debug` haufai kubaki, nenosiri lake linajulikana na kila mtu. Ufunguo rasmi umeshatengenezwa, nakala moja iko kwenye flashi ndani ya kabati la mhasibu na nyingine kwa katibu. Hautatumika mpaka msimu ufungwe, vishikwambi vyote viletwe mjini, rekodi zipande kwenye seva na mhasibu atie saini kwamba jumla zimekubali. Siku hiyo programu ya zamani itaondolewa kwenye kila kishikwambi mbele yake.